Kabla ya kusi, kila diko lipate pipa na tangi la maji ya mvua

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, na nikirefusha unisamehe, maana jambo lenyewe lina mafundo mengi.

Gazeti la karatasi halifiki huku niliko. Ndugu zangu wa Tanga hupiga picha kurasa wanazoona zinanihusu, wakanitumia kwenye simu. Ndivyo nilivyoisoma barua ya msomaji wenu aliyelalamika kwamba kikundi chao kilipata boti ya faiba na mashine mpya kwa mkopo, wakavua vizuri, kusi, ule upepo mkali wa katikati ya mwaka, ilipokolea wakaipandisha boti pwani, na kaskazi, upepo wa mwisho wa mwaka, iliporudi mashine ikakataa kuwaka. Akamalizia kwa kusema wameuziwa mashine feki. Inawezekana, feki zipo. Ila mashine feki huanza kusumbua mapema, tena humsumbua mtu akiwa baharini. Hii aliyoieleza ilifanya kazi msimu mzima, ikafungwa ikiwa nzima, ikafunguliwa ikiwa imekufa. Ugonjwa huo naujua vizuri, kwa sababu kuukinga ndiyo kazi inayonilipia kodi ya nyumba.

Mimi ni mzaliwa wa Kigombe, mtoto wa fundi wa mashua. Sasa naishi Portland katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, na nafanya kazi kwenye yadi ya boti. Bahari ya huku ina chumvi ileile, na maji hupwa na kujaa kwa tofauti ya karibu mita 3, kwa hiyo sikujiona mgeni sana pwani. Kilichonitoa machozi ni baridi. Kuanzia Desemba hadi Machi usiku hushuka chini ya nyuzi sifuri, na Januari nyuzi 10 chini ya sifuri ni usiku wa kawaida ambao hakuna anayeutaja. Vihori vidogo huganda juu mpaka ndege wanatembea. Wapo wavuvi wa kambakoche wanaotoka hata katika hali hiyo, Mungu awalinde, lakini boti nyingi hulala. Kwa hiyo kuanzia Septemba mpaka Novemba sisi yadini tuna kazi moja: kutoa boti majini na kuzilaza. Zitarudi majini mwezi wa Mei.

Kulaza boti huku ni kazi ya mafundi, ina bei yake na foleni yake. Mwenye boti aliyechelewa kushika nafasi utamkuta Novemba anahangaika yadi hii na yadi ile akibembeleza. Boti ikifika huingia chini ya winchi kubwa ya magurudumu manne, inanyanyuliwa kwa mikanda miwili mipana, na kabla haijatua tunaiosha tumbo kwa maji ya presha. Hapo hapo, ikiwa bado mbichi. Ukoga na magamba ukiyaacha yakauke mpaka kesho, kesho utatafuta patasi. Kisha inaketishwa juu ya magogo, uzito wote ukae kwenye mkuku, na ubavuni tunaisimamishia gadi za chuma, yaani nguzo za kuiegemeza. Gadi ya kushoto na ya kulia hufungwa pamoja kwa mnyororo unaopita chini ya tumbo, zisije zikateleza kwenda nje. Omo, upande wa mbele, huinuliwa kidogo ili maji yakimbilie tezi, upande wa nyuma. Nguruzi, kizibo cha tundu la kutolea maji, huchomolewa ili kitakachoingia kitoke, nayo hufungwa kwenye usukani kwa kamba nyekundu, mtu asije akaishusha boti majini Mei na tundu likiwa wazi.

Mwisho hufunikwa, nyingine kwa turubai, nyingine kwa plastiki nyeupe inayokazwa kwa moto wa gesi mpaka inabana. Tunaacha matundu ya hewa, la sivyo unyevu unabaki ndani na Mei unakuta ukungu mweusi kwenye magodoro. Na kamba ya turubai haifungwi kwenye gadi hata siku moja. Upepo ukilikamata turubai unaing'oa gadi, na boti inalala ubavu. Mgeni yeyote akiajiriwa pale huambiwa hilo kabla ya kuonyeshwa choo kiko wapi.

Hayo ni ya boti. Kazi yenyewe hasa iko kwenye mashine.

Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na hakuna chuma cha kuyazuia. Yakibaki katika njia za kupoozea injini ya ndani hupasua bloku, mwili wenyewe wa injini. Ya bahari nayo huganda, yanangoja tu nyuzi kama 2 zaidi kushuka. Ndiyo maana injini za ndani tunazinywesha dawa ya rangi ya waridi mpaka tuione ikitokea kwenye ekzosi. Zile za kufunga nyuma, ambazo ndizo zilizojaa pwani yetu, ukiziacha wima hujimwaga zenyewe. Msomaji wa Pangani au Moa atasema: sisi hatuna barafu, haya yatuhusu nini? Yanawahusu, kwa sababu nusu ya tunayofanya hayana uhusiano wowote na barafu. Tunapambana na chumvi, na petroli iliyolala, na maji yaliyojipenyeza kwenye gia, na unyevu ndani ya silinda. Yote manne yapo Kigombe mwaka mzima, tena joto la kwetu linayaharakisha.

Mwaka juzi mpwa wangu alinipigia simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo, ila mashine hii imetushinda. Tunavuta kamba mpaka mabega yanauma, haikohoi wala nini."

"Mara ya mwisho iliwaka lini?"

"Siku ile tunafunga, kabla ya kusi. Ilikuwa nzima kabisa, mjomba. Hata mlio wake ulikuwa mzuri."

"Na siku hiyo mlipoizima, mliifanyia nini?"

Kimya. Kisha akasema, "Tuliifunika."

Nikamwambia ageuze simu nione. Nilianza na mguu wa mashine, kwa sababu huko ndiko watu hawaangalii. Alipofungua boliti ya chini ya gia kilichotoka kwanza kilikuwa maji matupu, halafu ikafuata oili nyeupe kama tui. Nikamwambia ang'oe propela. Nyuma yake, kwenye ekseli, mshipi wa nailoni ulikuwa umejizungusha umekaza, umeikata sili inayozuia maji. Mshipi huo haukuingia wakati wa kusi. Uliingia siku za mwisho za kuvua, mashine ikiwa kazini, na kwa sababu ilikuwa ikizunguka kila siku na oili inachapwa hakuna aliyejua. Miezi ya kukaa ndiyo iliyotulizia maji chini na kuyapa nafasi ya kula meno ya gia. Plagi zilitoka na kutu. Kabureta ilipofunguliwa petroli ya zamani ilikuwa imekauka, imebaki kitu cha kunata, na kitundu cha jeti kimeziba kabisa. Njia za maji ya kupoozea, chumvi imeganda ndani nyeupe.

Ile mashine ilipona, ila kwa gharama ya gia. Nawaambia na wengine ambao mashine zao zimegoma kwa namna hiyo: msikimbilie kuiuza chuma chakavu, wala msivute kamba kwa hasira. Toeni plagi, tieni oili kidogo ndani ya silinda, iacheni ilale na hiyo oili usiku kucha, kisha asubuhi zungusheni taratibu kwa mkono. Ikizunguka, kuna matumaini. Safisheni kabureta, wekeni petroli mpya na plagi mpya, angalieni oili ya gia. Ikikataa kuzunguka, tafuteni fundi kabla hamjavunja kitu cha pili.

Sasa, siku ya kufunga, ambayo kwa mpwa wangu ilikuwa siku ya turubai peke yake, ilitakiwa iwe hivi. Unapata pipa la lita 200, unalikata katikati. Nusu yake unaijaza maji tamu, unasimamisha mashine ndani, propela ikiwa imetolewa, na maji yapande juu ya lile bamba bapa lililo juu ya propela. Unaiwasha ikiwa huru, polepole, dakika 10 hadi 15. Usiwe na haraka hapo. Chumvi iliyo ndani haitoki mpaka mashine ipate moto na thermostati ifunguke, maji yapite kila njia. Muda wote huo unaangalia inavyokojoa, yaani maji ya kupoozea yanavyoruka nje kwenye kitundu chake. Ikikojoa kwa nguvu, vizuri. Ikitoa matone, raba ya pampu ya maji imechoka, na ni afadhali kuijua sasa kuliko kuijulia nje ya mwamba.

Ikishapata moto unachomoa paipu ya mafuta, unaiacha inywe kilichobaki kwenye kabureta mpaka izime yenyewe. Huku petroli nyingi huchanganywa na kileo asilimia 10, nacho huvuta maji, kwa hiyo tunaongeza dawa ya kuitunza. Dawa hiyo ina bei, na kwetu njia rahisi ni kutoacha petroli ndani kabisa. Iliyobaki kwenye dumu apewe mwenzenu anayeendelea kuvua ndani ya mwamba, maana nafahamu kusi haifungi kila mtu. Ngalawa na vidau vinatoka, ni hizi boti za mashine kubwa zinazokwenda mbali ndizo zinazopandishwa.

Halafu unatoa plagi. Kila silinda unaitia oili ileile ya tustroki, kijiko kimoja kinatosha, unavuta kamba taratibu mara mbili tatu ili ipake kuta zote, unarudisha plagi. Unamwaga oili ya gia na kuitazama. Nyeusi ya kawaida, sawa. Nyeupe, sili haifai. Unajaza mpya. Unapaka grisi kwenye ekseli kabla ya kurudisha propela na kila penye chuchu ya grisi. Kipande cha zinki kilichofungwa mguuni kipo ili chumvi ikile chenyewe iuache mguu. Kikishaliwa nusu kinabadilishwa, na tafadhali kisipakwe rangi. Nyumbani nimeona zinki zimepakwa rangi nzuri ya bluu kufanana na mashine, na zinki iliyopakwa rangi haifanyi kazi yoyote. Betri, redio, na panya wanaotafuna nyaya nayaruka, boti zetu nyingi hazina vitu hivyo.

Mashine ikae wima, juu ya farasi wa mbao, yaani stendi ya kuifungia, kivulini. Ikilazimu kulazwa, isilazwe mguu ukiwa juu na kichwa chini, maji yaliyobaki mguuni yakashuka kwenye silinda. Hapo kazi imekwisha. Fundi aliyezoea, akiwa na vitu vyake mkononi, haimalizi asubuhi nzima.

Yadini nafanya kazi na ndugu mmoja Mkongo wa Uvira. Portland ina Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi, kwa hiyo siku nyingine yadi ile ni Kiswahili kitupu na bosi anabaki kututazama. Yeye nilipomsimulia habari ya mpwa wangu alicheka. "Kwetu mashine inakunywa maji ya ziwa," akasema, "mambo ya chumvi hatuyajue." Ni kweli. Mvuvi wa Ziwa Tanganyika mashine yake husafishwa na maji yaleyale anayovulia. Wa pwani hana bahati hiyo, na anauziwa mashine ileile, yenye kitabu kilekile.

Kitabu hicho kina sura nzima ya kuhifadhi mashine muda mrefu. Kiko kwa Kiingereza. Na katika vikundi vyetu, aghalabu hakiko kwa nahodha wala kwa fundi. Kiko kwa katibu, ndani ya faili, pamoja na risiti na barua ya mkopo.

Nisieleweke kwamba Wazungu ndio waliogundua kulaza vyombo. Marehemu baba alilaza mashua na majahazi kabla sijajua kusoma. Ikikaribia kusi chombo kililetwa juu kwa maji ya bamvua, kikapwelezwa, kikatiwa gadi za mikoko ubavuni. Watu wakakwangua tumbo, wakachoma makuti makavu chini yake kuua wadudu wanaotoboa mbao; mtu mmoja na tochi yake ya makuti, mwingine nyuma yake na ndoo ya maji kama moto ungeshika pasipotakiwa. Kisha kalafati. Pamba inasokotwa, inachovywa mafuta, inagongwa ndani ya maungio kwa patasi butu na nyundo ya mti. Sikio la fundi husikia pamba ilipofika; mlio unabadilika kutoka mzito kuwa mkali, na ukibadilika unaacha, ukizidisha unatanua mbao. Baada ya hapo sifa, yaani mafuta ya papa, juu, shahamu na chokaa chini, na makuti ya kufunikia. Jioni tulitumwa sisi watoto kumwagia maji ya bahari ndani ili mbao zisikauke zikaachana.

Huku boti za zamani za mbao ni mierezi meupe juu ya mbavu za mwaloni, na nilipoingia mara ya kwanza kwenye banda la boti hizo nilikuta patasi ya kalafati mezani na fungu la pamba pembeni. Hakuna aliyehitaji kunifundisha. Lile banda halikusakafiwa. Sakafu ni udongo mtupu, kwa makusudi, ili unyevu upande na kuzuia mbao zisikauke kupita kiasi majira yote ya baridi. Hata hivyo boti ya mbao ikirudi majini Mei huvuja siku za mwanzo, na mwenye boti mpya hupiga kelele kwamba tumemharibia. Wazee wanamwambia aweke pampu akanywe kahawa, mbao zitavimba zenyewe.

Kwa hiyo ujuzi huo tulikuwa nao, na haukuwa wa fundi peke yake. Mwanamke aliyeyeyusha shahamu, mtoto wa ndoo, mzee aliyesema bamvua ya lini, wote walikuwa na sehemu. Faiba ilipokuja watu waliambiwa haihitaji matunzo. Kwa wadudu wa mbao ni kweli, hawaili. Lakini kazi ile yote ilipoachwa, hakuna aliyeuliza mashine inayokaa nyuma ya faiba nayo inahitaji nini. Bahati mbaya mashine ndiyo yenye thamani kubwa. Mbao ikioza unabadilisha ubao mmoja. Bloku ikiliwa na chumvi ndani huna cha kubadilisha.

Ombi langu kwa halmashauri za wilaya za pwani, kwa wanaotoa mikopo ya boti na kwa viongozi wa BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia uvuvi pwani, ni dogo, na silitaki ligeuzwe semina. Semina tunazijua: ukumbi, bango ukutani, chai na vitafunio, posho, picha ya pamoja, na mashine zimebaki pwani na chumvi yake. Nunueni nusu pipa kwa kila diko, pale boti zinaposhushia samaki. Wekeni farasi wa mbao wa kusimamishia mashine, spana ya plagi na bomba la grisi, vifungwe kwenye chumba cha BMU. Mlipeni fundi wa kijiji hicho hicho, yule ambaye watu humpelekea mashine zikiharibika, afanye kazi ya kulaza kwa ada inayojulikana.

Najua swali la kwanza litakuwa maji. Vijijini kwetu maji tamu yananunuliwa kwa dumu, na kumwaga lita 100 kwenye mashine mbele ya mama aliyetoka kisimani na ndoo kichwani si jambo la kujivunia. Lakini tazameni kalenda. Boti hupandishwa wakati wa tanga mbili, majira ya kati ya kaskazi na kusi, na mwanzo wa kusi, Aprili na Mei, na hiyo ndiyo masika yenyewe! Maji yanamwagika kutoka kwenye bati za soko la samaki na kukimbilia baharini. Mfereji mmoja wa bati na tangi moja pale dikoni ungetosha mashine zote za kijiji, kwa sababu maji ya pipa moja huosha zaidi ya mashine moja kabla hayajahitaji kubadilishwa. Yakimwagwa yasimwagwe karibu na kisima, yatakuwa na oili. Na pasipo na tangi, hata kisima chenye maji ya chumvichumvi ni bora mara nyingi kuliko bahari.

Swali la pili ni gumu zaidi, nalo ni la nani afanye. Boti ya mtu mmoja hulazwa kwa sababu mwenyewe halali usingizi. Boti ya kikundi ina wenyewe ishirini na kila mmoja anadhani mwingine ameshafanya. Huku yadini nasi hatuna uchungu na boti za watu, tuseme ukweli, ni kazi tu. Kinachotushika ni kadi. Kila boti ina kadi ya karatasi ngumu inayofungwa kwenye usukani, imeandikwa kila kitu kinachotakiwa, na kila fundi akimaliza sehemu yake huandika jina na tarehe. Mei bloku ikikutwa imepasuka hatuulizani; tunasoma. Kikundi kikiwa na kadi hiyo, yenye mistari ya kuosha, kukausha mafuta, oili ya silinda, oili ya gia, grisi, zinki na nguruzi, na kila mstari una jina la mtu, turubai halitahesabika tena kuwa matunzo.

Anayekopesha anaweza kwenda mbele hatua moja: kadi iliyojazwa iwe sehemu ya masharti ya mkopo kama yalivyo marejesho. Chuo cha uvuvi cha FETA kipo Mbegani, na tawi lingine liko Mikindani. Ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye michoro, uliopitiwa na wakufunzi wa huko, wa kubandika kwenye mlango wa kila BMU, hauwezi kuwashinda. Na jambo moja kwa waweka tarehe za marejesho: kumtaka mvuvi alipe sawa Julai na Januari ni kumlazimisha ama atoke kwenye bahari isiyotokeka, ama auze mashine. Hilo lina barua yake, nitaandika siku nyingine.

Naandika Machi. Hapa theluji bado imeshikilia kwenye paa za boti na hakuna anayezifunua kabla ya mwisho wa Aprili, kwa hiyo mimi nina muda. Tanga hamna. Kusi itaanza kushika wiki chache zijazo, na mashine nyingi zitazimwa siku moja hivi, ziburutwe mpaka chini ya mwembe, zifunikwe.

Nimeambatanisha picha ya kadi ya yadini na nyingine niliyoiandika upya kwa Kiswahili kwa mashine za kufunga nyuma, nikaondoa yote ya barafu. Nilimpelekea mpwa wangu kwanza. Akaniambia niongeze mstari wa kutazama mshipi nyuma ya propela, nami nimeuongeza, ni wa pili kutoka juu. Ukipata nafasi, Mhariri, ichapishe. Ukikosa, ihifadhi ofisini, na mtu yeyote wa BMU akija kuiomba mpe.

Wako,

Fundi wa boti,
Portland, Maine, Marekani
(wa Kigombe, Tanga)